Mwendokasi Ukikaribia Mtaani Kwako: Sema Kabla Zege Halijamwagwa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilisimama kando ya Barabara ya Morogoro, kwenye kituo kimoja kati ya Kimara na Mbezi, daftari la shule la mwanangu mkononi. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Kati ya njia inayotoka mtaani na kituo palikuwa na mtaro, na juu ya mtaro ubao mmoja wa ujenzi, umelowa, umeshika tope. Kabla ya foleni ya basi kulikuwa na foleni nyingine, ya kusubiriana kuvuka ubao. Mama mmoja, mtoto mgongoni na ndoo ya vitumbua kichwani, alivua kandambili, akazibana kwapani, akavuka peku huku akipapasa ubao kwa vidole vya miguu, kisha akazivaa upande wa pili. Nyuma yake alikuwa mzee mwenye fimbo. Huyo hakuvuka. Aliutazama ubao, akageuka, akaanza kuifuata barabara kuelekea kwenye kalavati lililo mbali. Basi lilikuja, likaondoka bila yeye.

Tukizungumzia mabasi yaendayo haraka, mazungumzo huwa ni ya basi lenyewe: urefu wake, kiyoyozi chake, nauli yake. Mzee yule alishindwa na mtaro kabla hajaliona basi. Kwa mkazi wa pembezoni mwa jiji, awe Kibamba, Goba, Chanika, Tegeta au Mbagala, sehemu ngumu ya safari huwa ni ile ya mwanzo, kutoka mlangoni hadi kituoni. Na sehemu hiyo ndiyo huchorwa mwisho, tena kwa haraka.

Mafundi ujenzi wana msemo wao: zege halilali. Likishachanganywa lazima limwagwe siku hiyohiyo. Likishaganda, kituo kilichokaa vibaya kitakaa vibaya hadi watoto wetu wawe na wajukuu. Kwa hiyo mwenye la kusema aseme wakati kituo kikiwa bado ni mstari kwenye karatasi. Makala haya yanaeleza mistari hiyo huchorwaje, nani huichora, na mwananchi wa kawaida aingie wapi.

Kinacholifanya basi liende kasi

Huduma ya mwendokasi jijini Dar es Salaam ilianza Mei 10, 2016. Wakala wa kuisimamia, DART, ulikuwa umeundwa mwaka 2007, maana yake kati ya ofisi kuanzishwa na abiria wa kwanza kupanda ilipita miaka tisa. Awamu ya kwanza ina urefu wa takriban kilomita 21: Kimara hadi Kivukoni, na matawi mawili, moja kutoka Magomeni hadi Morocco, lingine la Kariakoo hadi Gerezani. Ina vituo 27 vya njiani na vituo vikuu vitano. Wazo lenyewe lilitoka mbali. Mji wa Curitiba nchini Brazili ulianza kuyapa mabasi njia yake mwaka 1974, na Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ukazindua mfumo wake wa TransMilenio mwaka 2000. Ni mfumo wa Bogotá uliowavutia zaidi wapangaji wa miji ya Afrika.

Watu wengi hudhani siri ya mwendokasi ni njia yake ya peke yake. Njia ni muhimu, na kuwekwa katikati ya barabara kuna sababu: pembeni ndiko magari yanakoingia na kutoka kwenye mageti ya nyumba, sheli na maduka, ndiko bajaji zinakogeuzia, ndiko mkokoteni unakopita. Ila hesabu kubwa ya muda iko mlangoni mwa basi.

Chukua mfano huu. Watu 40 wanasubiri kituoni. Basi lina mlango mmoja unaotumika, ngazi tatu za kupanda, na konda anayepokea nauli na kurudisha chenji. Kila abiria akitumia sekunde nne, basi limesimama dakika mbili na sekunde 40. Sasa watu haohao wawe wameshalipia getini, sakafu ya kituo ilingane na sakafu ya basi, na milango mitatu ifunguke kwa pamoja. Kila mmoja akitumia sekunde moja na nusu, basi linaondoka baada ya sekunde 20. Dereva ni yuleyule na injini ni ileile. Ukizidisha tofauti hiyo kwa vituo 20 vya njiani, utaona kwa nini basi moja linafika mjini saa moja na lingine bado liko Ubungo.

Hesabu ya pili ni ya ukubwa. Basi refu la mita 18, lile lenye kiungo katikati, hubeba watu kama 150. Likipita moja kila dakika mbili, kwa saa moja yamepita mabasi 30 yenye watu 4,500. Kuwabeba watu hao kwa daladala za viti 30 unahitaji daladala 150 kwa saa, moja kila sekunde 24, zote zikigombea nafasi ileile ya kusimama. Hapo ndipo foleni inapozaliwa.

Lakini hesabu hiyo ni kweli pale tu basi linapokuwepo. Barabara za awamu ya pili za kwenda Mbagala zilikamilika mapema kuliko mabasi, na wakazi wa Kilwa Road wakakaa muda mrefu wakizitazama njia mpya hazina kitu. Ukiitwa kwenye mkutano ukaonyeshwa picha nzuri ya kituo, swali la kwanza liwe hili: mabasi mangapi yatapita hapa kwa saa asubuhi, nani atayanunua, na mkataba wake uko hatua gani?

Pembezoni kuna hesabu zake

Kutoka Kimara kwenda Kibaha, Barabara ya Morogoro ilipanuliwa kuwa ya njia nane kwa urefu wa kilomita 19.2. Februari 2021 kikafunguliwa kituo kikuu cha mabasi ya mikoani Mbezi Luis, na abiria waliokuwa wakiteremkia Ubungo wakahamia huko na mizigo yao. Mabasi ya mwendokasi nayo yakaanza kuvuka Kimara kwenda Mbezi na Kibaha, yakichanganyika na magari mengine kwenye njia za kawaida. Ukanda mzima ukabadilika ndani ya miaka michache.

Huku, mambo hayaendi kama Magomeni. Magomeni nyumba zimebanana na kituo kiko hatua chache. Mbezi watu wanaishi ndani: Makabe, Malamba Mawili, Msigani, Kwembe, Goba. Mtu anatembea, anapanda bodaboda au bajaji hadi barabara kuu, ndipo aanze kutafuta basi. Ardhi yenyewe ni ya vilima na mabonde. Mita 600 kwenye ramani zinaweza kuwa bonde lenye kijito cha msimu na mpando wa kukata pumzi. Mpangaji anayechora duara la mita 500 kuzunguka kituo na kusema waliomo wote wanafikiwa, hajapanda mpando ule na kilo tano za unga begani.

Tena safari za pembezoni ni za upande mmoja. Alfajiri wote wanakwenda mjini, jioni wote wanarudi. Basi lililojaa likienda hurudi karibu tupu, na mafuta yanaungua vilevile. Ndiyo maana mwendeshaji yeyote hupenda kugeuzia karibu, na ndiyo maana abiria wa mwisho wa njia ndio wanaoachwa. Mpango mzuri wa pembezoni husema wazi basi litageuzia wapi, saa ngapi, na basi la mwisho usiku ni la saa ngapi. Muuguzi anayetoka zamu saa nne usiku anaihitaji saa hiyo kuliko anavyohitaji paa la kituo.

Halafu kuna suala la umbali kati ya kituo na kituo, nalo huleta ugomvi kila mahali. Kila mtaa unataka kituo chake. Tufanye hesabu. Kilomita 19, kituo kila mita 500, ni kama vituo 38. Kituo kila kilomita moja ni 19. Kila kusimama, ukijumlisha kupunguza mwendo, kufungua milango na kushika mwendo tena, tuseme kunakula sekunde 45. Vituo 19 vya ziada vinakula zaidi ya dakika 14 kwa kila safari, na kwa kwenda na kurudi ni karibu nusu saa. Upande wa pili, vituo vikiwa mbalimbali, mtembeaji huongezewa hadi mita 250 kando ya barabara. Kwa kijana ni dakika tatu. Kwa mzee mwenye fimbo ni kitu kingine kabisa.

Rai yangu ni kwamba vituo visipimwe kwa rula. Viwe karibu karibu penye soko, zahanati, shule na makutano ya njia za ndani. Viachane penye mashamba, maghala na kuta ndefu. Na yawepo mabasi ya moja kwa moja yanayoruka vituo vidogo. Hilo lawezekana tu kama kituoni kuna njia ya pili ya kupitana, kama zilivyojengwa zile za awamu ya kwanza. Ukiona mchoro wenye njia moja tu mbele ya kituo, fahamu kwamba basi moja likiharibika yaliyo nyuma yake yote yatasimama. Uliza.

Jambo dogo, lakini nalisema kwa moyo wote: majina ya vituo yaachwe kama watu wanavyoyaita. Stop Over, Temboni, Suka, Kwa Msuguri. Makonda wameyatangaza mlangoni miaka mingi na kila bibi anayetoka kijijini kumtembelea mjukuu ameelekezwa kwa majina hayo. Kituo kikipewa jina la ofisini, mgeni hupotea.

Kiungo kinachosahaulika zaidi ni mabasi mlisho, yale yanayotoa watu mitaa ya ndani na kuwaleta kwenye njia kuu. Wakati huduma inaanza mwaka 2016, nauli ya mlisho ilikuwa shilingi 400, ya njia kuu 650, na aliyetumia zote mbili alilipa 800 badala ya 1,050. Punguzo lile ndilo linalomfanya mtu wa ndani akubali kubadilisha basi. Mfumo ukigawanywa kati ya waendeshaji wasioelewana, punguzo huwa la kwanza kufa, na abiria wa mbali, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo, hulipa mara mbili. Ulizeni kama kadi au tiketi moja itatumika safari nzima.

Kibaha iko Mkoa wa Pwani, Mbezi iko Dar es Salaam. Barabara ni moja, wakuu wa mikoa ni wawili. Mtaa ulio karibu na mpaka huo usikubali kuambiwa "hilo ni la wenzetu wa upande ule" bila kuonyeshwa karatasi ya makubaliano.

Kituo kwa macho ya anayekitumia

Anza na upande wa mlango. Sisi tunaendesha kushoto, hivyo basi linalosimama kwenye kituo cha katikati ya barabara hufungua milango ya kulia, na sakafu yake imeinuliwa ilingane na kituo. Basi hilohilo likitoka kwenye njia yake na kwenda pembezoni ambako vituo viko kando, linahitaji milango ya kushoto na ngazi. Hapo kina mama wajawazito, wazee na wenye viti mwendo wanarudi kwenye kupanda kwa shida. Kama njia yenu itahudumiwa na mabasi yanayotoka katikati ya jiji, waulizeni wahandisi: abiria atapandia upande gani, na kati ya kituo na sakafu ya basi patabaki nafasi gani? Pengo la shubiri moja linatosha kumeza mguu wa mtoto.

Pili, kuvuka barabara. Kituo cha katikati humlazimu kila abiria kuvuka magari, kwenda na kurudi. Kwenye barabara ya njia nane, hilo ni suala la uhai. Jibu linalotolewa haraka ni daraja la juu. Lipime kwanza. Ili malori yapite chini, sakafu ya daraja hukaa kama mita sita juu. Njia mteremko inayofaa kiti mwendo hupanda mita moja kwa kila mita 12 za urefu, kwa hiyo kupanda mita sita kunataka mita 72, na sehemu za kupumzika hujazihesabu. Halafu kushuka kiasi hichohicho. Mtu anayetaka kuvuka barabara ya mita 40 anatembezwa mita 180 na zaidi. Wengi hawatalipanda. Watapita chini, gizani, wakiruka ukuta wa zege wa katikati. Penye kasi kubwa na magari mengi daraja laweza kuwa ndilo jibu pekee, na hapo lijengwe na njia mteremko, taa na paa. Lakini penye makutano, taa za kuongozea magari na kivuko kilichoinuliwa kidogo ili madereva walazimike kupunguza mwendo huokoa watu wengi zaidi, kwa sababu watu hukitumia.

Kituo cha kando nacho kina kanuni yake: kikae baada ya makutano au kivuko, kisikae kabla. Basi likisimama kabla ya kivuko linamziba anayevuka, na gari linalolipita halimwoni. Watoto wa shule ndio hugongwa hivyo, wakichomoza mbele ya basi. Ukiweza kubadilisha jambo moja tu kwenye mchoro wa mtaa wenu, badilisha hilo.

Njia ya miguu inayofika kituoni ihesabiwe kuwa ni sehemu ya kituo. Mtaro ufunikwe au uwekewe kivuko kipana cha zege chenye kingo, upana wa kupishana watu wawili wenye mizigo. Sakafu iwe na vigae vyenye vinundu vinavyomwongoza asiyeona. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya kufikia miundombinu na huduma za umma. Mkazi anayedai njia mteremko anadai kilichoandikwa. Taa ziangaze njia ya kutoka mtaani, kwa sababu kibanda kinachong'aa na kichochoro chenye giza nyuma yake humfanya binti aogope kushuka pale usiku. Kivuli kiwepo, jua la saa saba Dar es Salaam halihitaji maelezo, na paa dogo la urembo huweka kivuli chake katikati ya barabara badala ya juu ya abiria. Mti mmoja mkubwa ukiachwa hufanya kazi hiyo bure.

Na maji. Karakana ya mwendokasi Jangwani ilijengwa kwenye bonde la Mto Msimbazi, na mafuriko yameiingia mara kwa mara, mabasi yakaharibika na huduma nzima ikasimama hadi maji yapungue. Kila mkazi wa bonde lile angeweza kusema maji hufika wapi. Wazee wa mtaani wanajua mto ulipita wapi kabla barabara haijajengwa. Ujuzi huo uandikwe, upelekwe, upokelewe kwa muhuri.

Mama lishe, wauza matunda, bodaboda na bajaji watakuja kituoni, upende usipende, kwa sababu watu wako pale. Mpango usiowatengea nafasi huwaona wakirudi wiki moja baada ya kuzinduliwa, wakikaa juu ya njia ya miguu, na mgambo wakiwafukuza kila asubuhi. Eneo la kusimamia bodaboda lenye mstari wake, na meza za wauzaji zenye maji na mahali pa takataka, si gharama kubwa kwenye bajeti ya barabara. Tena kituo chenye mama lishe anayefungua saa kumi alfajiri kina mlinzi.

Karatasi zinapita wapi

Mradi huanza na upembuzi yakinifu, ukafuata usanifu wa awali, kisha usanifu wa kina, tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, uthamini wa mali, zabuni, na ndipo mkandarasi. Mwananchi kwa kawaida huushtukia mradi anapoona vigingi. Wakati huo usanifu wa kina umekwisha. Nafasi halisi ni mapema, kwenye mikutano ya tathmini ya mazingira, ambayo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hutakiwa kuwashirikisha wananchi. Tangazo hubandikwa ofisi ya serikali ya mtaa au ya kata. Mkutano ukiitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, wanaosafiri na basi kila siku hawatakuwepo. Mwenyekiti wa mtaa aombwe uhamishiwe Jumamosi jioni.

Ukiona alama ya X imechorwa ukutani mwa nyumba yako ili ipishe barabara, angalia rangi yake. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kupima kutoka katikati ya barabara. Kwa desturi X nyekundu humaanisha umo ndani ya hifadhi ya zamani na huna haki ya fidia. X ya kijani humaanisha hifadhi imekufuata na fidia inakuhusu. Lakini usipime nyumba yako kwa kamba ukajiona salama. Sehemu ya Barabara ya Morogoro ilitambuliwa kuwa na hifadhi ya mita 121.5, na mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa msingi huo. Waulize kwa maandishi TANROADS, wakala wa barabara kuu, hifadhi ya barabara yako ni mita ngapi na kwa sheria ipi, kabla ya kununua kiwanja na kabla ya kuongeza chumba.

Anayestahili fidia halipwi thamani ya ukuta tu. Kuna thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na faida ya biashara iliyopotea. Hii ya mwisho hutaka kumbukumbu za hesabu, na hapo ndipo wenye maduka wengi huumia, kwa sababu hesabu zilikuwa kichwani. Anza daftari la mauzo leo. Sheria ya uthamini ya 2016 inataka fidia isichelewe: ikipita miezi sita tangu uthamini kuidhinishwa hudaiwa na riba, na ikipita miaka miwili uthamini hurudiwa. Tunza nakala ya fomu uliyosaini. Usisaini usichosoma, mwite mtoto aliyesoma, asome kwa sauti.

Ujue pia wa kumwandikia, kwa maana barua iliyokwenda ofisi isiyohusika haijibiwi. Barabara kuu ni ya TANROADS. Njia za mitaa zinazoileta bajaji kwenye kituo ni za TARURA. Ruti na nauli za daladala ni za LATRA, ambayo ina baraza la watumiaji wa huduma linalopokea hoja za abiria. Njia kuu na vituo vya mwendokasi ni vya DART. Stendi za daladala, masoko na maeneo ya machinga ni ya manispaa. Mtaro wa yule mzee uko kati ya barabara ya TANROADS na njia ya TARURA, kila upande ukidhani ni wa mwenzake. Barua moja, anwani zote mbili, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani.

Daftari lile

Malalamiko hupuuzwa kirahisi; hesabu ni vigumu kuipuuza. Siku tatu zinatosha: mbili za kazi na Jumamosi moja. Saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa mbili, halafu saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Chora safu kwenye ukurasa: saa, basi au daladala ya wapi, waliopanda, walioshuka, walioachwa. Safu ya "walioachwa" ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu takwimu za tiketi humwona aliyepanda tu. Aliyekata tamaa akarudi nyumbani au akalipia bodaboda hadi Kimara haonekani popote. Weka alama kwa wanafunzi, wenye watoto mgongoni, wenye fimbo na wenye mizigo. Mtu wa pili achore ramani ya mkono: wanakotokea watu, wanakovukia hasa, maji yanakotuama, taa iliyozimika. Mtu wa tatu apime kwa futikamba upana wa mtaro na kimo cha ngazi ya kwanza ya basi kutoka chini.

Kiongozi wa mtaa agonge muhuri, mtu apige picha kila ukurasa kwa simu kabla haujakabidhiwa, na risiti ya kupokelewa irudi. Kwenye mkutano, mwenye daftari akae mbele. Mhandisi mwaminifu, nao ni wengi, hulifurahia daftari kama hilo. Mara nyingi ameletewa mchoro na tarehe ya mwisho, hakuletewa watu.

Kazi ikishakamilika, mkandarasi haondoki moja kwa moja. Kuna kipindi cha matazamio, ambamo kasoro zinazojitokeza hurekebishwa kwa gharama yake, bila kugusa fedha za umma. Tarehe ya kuanza na kuisha kwa kipindi hicho iulizwe siku ya makabidhiano na ibandikwe ofisi ya mtaa. Ndani yake ipatikane angalau masika moja. Mvua kubwa ya kwanza ikikatika, alfajiri hiyohiyo, watu wawili waende kituoni na simu na futikamba: wapige picha maji yaliyosimama, wapime kina chake kwenye njia ya miguu, waangalie kama kivuko cha mtaro kimebeba, kama vigae havijainuka, kama njia mteremko haitelezi. Na waende na mzee mwenye fimbo, avuke yeye kwanza.